Pikapu mpya inasumbua injini na wakala anasema halina tatizo: pa kuanzia

Pikapu yangu ilikuwa na kilometa 7,400 ilipokata nguvu mara ya kwanza, katikati ya Mlima Kitonga. Nilikuwa natoka Dar es Salaam kurudi Njombe, nyuma nimepakia mifuko 16 ya mbolea ya kilo 50, saa nane mchana, jua kali. Nilikuwa gia ya tatu, mizunguko kama 2,500, mara gari likawa kama limeshikwa na mtu kwa nyuma. Nakanyaga, halivuti. Taa ya injini ikawaka, ile ya njano. Nikawasha hazadi na kupanda kwa gia ya kwanza mpaka juu, malori yamejipanga nyuma yangu. Nilipofika Ilula nikazima, nikasubiri dakika kumi, nikawasha tena. Taa ilibaki, lakini nguvu zilikuwa zimerudi zote.

Nililirudisha gereji ya wakala mara tatu, na mara zote tatu nikaambiwa gari halina tatizo. Mara ya nne tatizo likaonekana kwa dakika ishirini tu, na nitaeleza lilikuwa nini. Ninachotaka ukishike mapema ni hiki: mafundi wale hawakunidanganya. Waliliendesha gari likiwa tupu, asubuhi, barabara ya tambarare, na kwa hali hiyo kweli lilikuwa zima. Matatizo mengi ya injini mpya yasiyoisha hayaishi kwa sababu fundi hajawahi kuyaona. Kazi yako mwenye gari, kabla ya kugombana na mtu yeyote, ni kuyafanya yaonekane.

Ninayoandika hapa yanahusu pikapu za dizeli za siku hizi, zenye turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada) na zenye kontroli boksi, yaani kompyuta inayosimamia kila kitu. Ukiwa na gari la zamani la pampu ya kawaida, sehemu kubwa haitakuhusu.

Kabla ya kugusa chochote

Nunua daftari dogo likae ndani ya gari. Kila tatizo likitokea andika tarehe, kilometa, muda gari lilipokuwa limewashwa, mzigo, gia, mizunguko, mlima au tambarare, tangi liko kiasi gani, na umejaza mafuta sheli ipi mara ya mwisho. Hiyo ya sheli watu wengi huisahau, na ndiyo iliyowahi kumsaidia mwenzangu kugundua kwamba gari lake linaumwa kila baada ya kujaza kituo kimoja tu. Ukiwa na abiria, achukue video ya dashibodi nzima, mishale yote ionekane, na sauti ya injini isikike.

Pili, taa ya injini ikiwaka, usikubali mtu yeyote aifute kabla namba ya kosa haijaandikwa. Vijana wengi wa gereji wakichomeka mashine yao, kitu cha kwanza ni kufuta. Taa inazimika, unafurahi, unalipa, na ushahidi wote umepotea. Pamoja na namba ya kosa, kontroli boksi huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa sekunde ile kosa lilipotokea: mwendo, joto la injini, shinikizo la hewa, injini ilikuwa imebebeshwa kiasi gani. Fundi akifuta, na picha hiyo inaondoka. Mwambie aichapishe au aipige picha kwa simu kwanza.

Unaweza kusoma makosa mwenyewe. Tundu la kuchomekea liko chini ya usukani, lina matundu 16 madogo, na kisomeo cha bei nafuu kinachounganishwa na simu kinatosha kwa hatua hii. Lakini elewa namba ile inasema nini. Inakwambia gari limeona maumivu wapi, haikwambii kidonda kiko wapi. P0299 inasema hewa ya turbo ni pungufu kuliko iliyotakiwa. Haisemi turbo imekufa. Nimeona watu wakiuziwa turbo nzima kwa sababu ya namba hiyo moja.

Linakata nguvu mlimani au likiwa na mzigo

Hili ndilo lililonikuta mimi, na ndilo ninaloulizwa zaidi. Injini ya dizeli inahitaji vitu viwili ili ivute: hewa ya kutosha na dizeli ya kutosha. Kwa hiyo swali la kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili kinakosekana, na gari lenyewe lina namna ya kukujibu.

Hewa ikipungua na dizeli ikaendelea kuingia, moshi mweusi hutoka. Dizeli ikipungua, gari linakosa nguvu bila moshi wowote, na mara nyingi linafanya kama linasita, linavuta na kuacha. Msimamishe mtu nyuma, au mwambie anayekufuata kwa gari jingine aangalie. Tahadhari moja tu: gari lenye filta ya masizi kwenye bomba la moshi halitaonyesha moshi mweusi hata kama hewa inavuja, kwa kuwa masizi yote yananaswa. Badala yake filta itakuwa inajaa haraka kuliko kawaida. Basi kwenye magari hayo tegemea namba: P0299 inakuelekeza kwenye hewa, P0087 inakuelekeza kwenye shinikizo la dizeli.

Upande wa hewa, anza na vya bei ndogo. Fungua boksi la filta ya hewa. Kwa barabara zetu za vumbi, filta inaweza kuziba kabla hata ya sevisi ya pili. Angalia pia kama filta imekaa sawasawa, mfuniko umefungwa vibano vyote, na upande wa ndani, ule wa kuelekea kwenye injini, pitisha kidole. Ukipata vumbi upande huo, filta haikuzuia kitu, na sensa ya kupima hewa iliyo mbele yake itakuwa imechafuka. Sensa hiyo ikichafuka inaidanganya kontroli boksi kuhusu hewa inayoingia, na gari linazubaa bila sababu ya kuonekana.

Kisha nenda kwenye mipira inayotoka turbo kwenda intakula (kipoza hewa) na kutoka intakula kwenda injini. Hapa ndipo pangu palipokuwa. Mpira wa chini, ule unaopita karibu na fremu, ulikuwa na ufa wa urefu kama wa kucha ya kidole gumba, chini kabisa, pale kibano kinapobana. Gari likiwa limesimama ufa ulijifunga wenyewe, huwezi kuuona hata ukimulika tochi. Turbo ilipojaza hewa kwa nguvu, na mzigo nyuma, ufa ulifunguka kama mdomo na hewa ikatokea hapo. Fundi aliyeupata alikuwa mzee wa gereji ya Iringa, hakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Alilala chini ya gari akasema, "Mwanangu, ona hapa mbona pamelowa?" Palikuwa na oili nyembamba imeshikana na vumbi, doa la ukubwa wa sarafu, wakati mpira wote kwingine ni mkavu. Mipira ya turbo huwa na mvuke kidogo wa oili kwa ndani, kwa hiyo hewa ikivuja, oili hiyo hubaki nje kama alama. Tafuta alama hiyo. Gereji zenye vifaa huziba njia ya hewa na kuingiza moshi kwa mashine, halafu wanaangalia moshi unatokea wapi. Njia hiyo ni ya uhakika, na inafaa kuiomba kwa jina lake: kipimo cha moshi kwenye njia ya hewa.

Ukimaliza mipira ndipo ufikirie mkono wa turbo, yaani kile kifaa kinachogeuza mapezi ya ndani, na mwisho kabisa turbo yenyewe.

Upande wa dizeli, filta ndiyo ya kwanza. Filta ya dizeli iliyoziba nusu inapitisha mafuta ya kutosha mjini na inashindwa mlimani, kwa sababu mlimani injini inadai mengi zaidi. Gari kuwa jipya si kinga. Tangi moja la mafuta machafu linatosha kuiziba.

Taa ya filta ya masizi inarudi kila wiki

Si kila pikapu iliyouzwa Afrika Mashariki ina filta hii. Angalia kitabu cha gari, au tafuta swichi yake kwenye dashibodi. Kama unayo, soma hapa kwa makini, maana wengi wanaumiza injini zao kwa kutoijua.

Filta hiyo, mafundi wanaiita DPF, hunasa masizi ya moshi. Ikijaa kiasi fulani, kontroli boksi huongeza dizeli ili joto kwenye bomba lipande hadi nyuzi 600 hivi, masizi yaungue. Kazi hiyo huchukua dakika 15 hadi 30, na inataka gari liwe linatembea. Dalili zake utazizoea: mngurumo unapanda kidogo ukisimama, ulaji wa mafuta unaruka, feni inaendelea kuzunguka baada ya kuzima, na kuna harufu ya joto kali. Hizo si ubovu. Ubovu unaanza pale unapozima gari katikati ya kazi hiyo, leo, kesho na keshokutwa. Mtu anayeishi mjini, anayekwenda kazini kilometa nne na kurudi, anaweza asiwahi kuimaliza hata mara moja kwa mwezi.

Taa ikiwaka bila kumeta, nenda barabara kuu, endesha kwa mwendo wa kutulia nusu saa bila kusimama, usizime mpaka ipotee. Ikianza kumeta pamoja na taa ya injini, acha kujaribu. Peleka gereji wakaiunguze kwa mashine gari likiwa limesimama. Na usiegeshe juu ya nyasi kavu wakati huo. Bomba linakuwa na moto wa kuwasha shamba.

Sasa kitu ambacho watu hawakitarajii. Katika injini zinazopulizia dizeli hiyo ya ziada ndani ya silinda, kazi ikikatizwa mara nyingi, dizeli isiyoungua hushuka na kuchanganyika na oili. Kijiti cha oili kinaonyesha kiwango kimepanda badala ya kushuka. Nimesikia watu wakifurahi: gari jipya, halili oili hata kidogo, limeongeza! Oili hiyo imekuwa nyepesi, inanuka dizeli, na haiwezi tena kulinda beringi za injini. Ukikuta imevuka alama ya juu, usilitembeze. Badilisha oili na filta yake kwanza, kisha tafuta kwa nini filta ya masizi haimalizi kazi.

Aina ya oili nayo ni jambo kubwa hapa. Kitabu kikisema ACEA C3 (daraja la oili), kwa mfano, kinataka oili yenye majivu machache. Masizi yanaungua, lakini majivu ya oili hayaungui milele, yanabaki ndani ya filta mpaka inaziba. Fundi akikuwekea oili ya lori kwa kuwa "zote ni za dizeli", amefupisha maisha ya filta yako. Kuhusu salfa, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na kabla ya hapo filta hizi zisingeweza kudumu huku kwetu. Baadhi ya watengenezaji wanataka hata chini ya hapo, kwa hiyo linganisha kitabu chako na mafuta unayopata.

Na kuna wakati kosa si la dereva wala la mafuta. Australia, Mahakama ya Shirikisho iliamua mwaka 2022 kwamba Toyota Hilux, Prado na Fortuner za dizeli 264,170 zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 zilikuwa na mfumo wa filta ya masizi wenye kasoro ya usanifu. Ulishindwa kufanya kazi yake gari linapoendeshwa mara kwa mara kwa mwendo mkubwa wa barabara kuu. Ninaitaja kesi hiyo kwa sababu moja. Kama umefuata kila kitu, umetumia oili sahihi, unasafiri safari ndefu, na taa bado inarudi, usiendelee kujilaumu. Uliza kwa maandishi kama kuna marekebisho ya programu au ya vipuri yaliyotolewa na kiwanda kwa injini yako, na utaje namba ya chesisi.

Linazima ghafla, kisha linawaka kama hakuna kilichotokea

Hapa mshale wa mizunguko ndio shahidi wako. Injini ikizima gari likiwa linatembea kwenye gia, angalia mshale. Ukianguka sifuri papo hapo wakati matairi bado yanaizungusha injini, tafuta umeme, hasa sensa ya kuzunguka kwa kranki. Ukishuka polepole, tafuta dizeli. Dashibodi nzima ikizimika, saa na redio vikipoteza kumbukumbu, anza na vichwa vya betri, fyuzi kuu, na waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi na injini.

Huku kwetu, lakini, kabla ya yote hayo ninauliza swali moja: gari limefungwa kifaa cha kufuatilia? Pikapu nyingi mpya zinanunuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji au kampuni ya bima hutaka kifaa hicho, mara nyingi kikiwa na rilei, yaani swichi ya umeme, ya kuzimia injini kwa mbali. Anayekifunga ni kijana aliyepewa saa moja. Anakata waya wa swichi au wa pampu, anaunganisha rilei, anazungushia tepu nyeusi. Rilei ile inakaa chini ya dashibodi ikining'inia. Barabara ya makorongo ikiitingisha, inaachia kwa nusu sekunde, na injini inakufa bila kuandika kosa lolote, kwa kuwa kontroli boksi yenyewe ilikosa umeme au iliona swichi imezimwa kihalali.

Mwenzangu mmoja wa Makambako alibadilishiwa pampu ya dizeli ya kwenye tangi mara mbili kwa tatizo hili. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake na tochi, nikaondoa plastiki ya chini ya usukani, nikaona waya mwekundu usiofanana na nyaya za kiwandani, umeunganishwa kwa kusokotwa tu, shaba imeanza kuwa ya kijani. Nilipouvuta kidogo na kidole injini ilizima. Nilipouachia, ikakubali kuwaka. Alisimama mlangoni ananitazama, halafu akaenda kukaa kwenye jiwe.

Usikikate kifaa mwenyewe, utakuwa umevunja mkataba wa mkopo. Mwandikie mkopeshaji, omba mfungaji aje aipitishe kando rilei kwa wiki moja, kifaa kibaki na kazi ya kufuatilia tu. Gari lisipozima wiki hiyo, umepata jibu. Fanya hivyo mapema, maana wakala akikuta nyaya zilizokatwa atasema dhamana ya umeme imekufa, na hapo atakuwa na hoja. Taa za ziada, redio ya kubadilisha na alamu ya mtaani nazo ziingize kwenye orodha hiyo hiyo.

Asubuhi linagoma, au linatetemeka likiwa limesimama

Betri kwanza. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima inasoma kama volti 12.6. Unapopiga stata ikishuka chini ya 9.6, kontroli boksi inaweza kukosa umeme wa kufungua nozeli (vipulizia dizeli), na utaona stata inazunguka lakini injini haishiki. Gari jipya laweza kuwa lilikaa miezi bandarini na yadi betri ikiisha na kujazwa, kwa hiyo betri kuwa mpya kwenye karatasi hakutoshi.

Sisi wa nyanda za juu, Njombe na Makete, tunaongeza plagi za kupashia joto. Asubuhi ya baridi gari likiwaka kwa kukohoa na moshi mweupe, likitetemeka nusu dakika kisha likatulia, plagi moja au rilei yake ina shida. Likiendelea kutetemeka hata likishapata moto, hiyo si plagi. Ni nozeli, au ni hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli, jambo la kawaida filta ikibadilishwa na aliyeibadilisha asipige pampu ya mkono kutoa hewa.

Halafu maji. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini ya filta, na chini yake kuna kizibo cha kuyatoa. Chukua chupa ya soda ya kioo, kavu na safi, legeza kizibo injini ikiwa imezimwa, jaza nusu chupa, iweke juu ya boneti na usubiri dakika tano. Maji yatajitenga chini, mstari wa mpaka unaonekana wazi, juu njano, chini kweupe au kahawia. Ukiona chembe zinazong'aa kama unga wa chuma, simama hapo hapo. Hiyo ni pampu inayojisaga, na ukiendelea kuendesha unga ule utaingia nozeli zote.

Kwa nini pampu inajisaga kwenye gari la miezi sita? Kwa sababu dizeli ndiyo oili yake. Pampu hizi zinasukuma mafuta kwa shinikizo linalofikia baa 2,000 na zaidi, wakati tairi lako lina baa mbili na nusu hivi. Mafuta ya taa hayana ule utelezi. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulitusumbua mpaka serikali ya Tanzania ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili faida ya kuchanganya iondoke. Hali imekuwa bora sana, lakini mafuta ya madumu ya kando ya barabara bado yapo, na pikapu ya dizeli ya kisasa haiwezi kuyavumilia.

Weka risiti za mafuta zote kwa kipindi cha dhamana. Usijaze wakati lori la mafuta linashusha kituoni, kwa sababu uchafu wa chini ya tangi unakuwa umevurugwa. Na ukilipeleka gari kwa wakala kwa tatizo la nozeli au pampu, chukua sampuli ya lita moja kutoka tangini mbele ya mtu wao, ifungwe, isainiwe na nyote wawili. Kauli ya kwanza utakayoisikia ni "umeweka mafuta mabaya", na bila sampuli huna cha kujibu. Ukiamini kituo ndicho chanzo, Tanzania malalamiko hayo yanapokelewa na EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji.

Moshi, oili na maji

Hapa nitapita haraka. Moshi wa buluu kwenye injini mpya, baada ya kilometa elfu chache za mwanzo, si wa kuzoea. Oili inaungua, pima kila kilometa 1,000 na uandike umeongeza kiasi gani. Maji ya rejeta yakipungua na huoni tone chini, yanapotelea ndani: kipozeo cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) kinavuja, au gasketi ya silinda hedi. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Taa nyekundu ya oili ikiwaka au mshale wa joto ukipanda, zima pembeni ya barabara hapo hapo, hata kama zimebaki kilometa mbili kufika. Injini ikigonga kama nyundo, usiiwashe tena kumsikilizisha mtu. Iburuzwe.

Wakala akisema halina tatizo

Usipeleke gari ukasema "halina nguvu". Fungua daftari lako, sema: limekata nguvu mara tano, zote likiwa na mzigo wa zaidi ya kilo 500, mizunguko kati ya 2,000 na 3,000, injini imeshapata moto, namba P0299. Hakikisha maneno hayo yanaandikwa kwenye kadi ya kazi vile vile ulivyoyasema, na upewe nakala. Kadi isiyo na malalamiko yako ni ushahidi wa kwamba gari lilikuja kuoshwa.

Omba fundi aende na wewe. Mimi mara ya nne nilikwenda na mifuko ya mbolea bado iko nyuma, nikakataa kuishusha. Kama tatizo ni la asubuhi, liache lilale pale, wao waliwashe saa kumi na mbili. Kila kipuri kinachobadilishwa kibadilishwe kimoja, ujaribu, ndipo kifuate kingine, la sivyo hutajua kilichoponya, na tatizo likirudi mtaanza upya. Vipuri vya zamani omba uvione.

Ukirudi mara ya tatu kwa jambo lile lile, acha simu na meseji. Andika barua kwa meneja wa sevisi, nakala kwa mwakilishi wa kiwanda nchini, ambatanisha kadi za kazi, taja siku ambazo gari limelala gereji, toa muda wa kujibu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa na mfanyabiashara iwe ya ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi aliieleza, kwa hiyo ni vizuri ulipokuwa unanunua uliandika kwamba gari ni la kubebea mizigo. Malalamiko ya mlaji yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kenya una Ibara ya 46 ya Katiba na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, na unaweza kulipia ukaguzi wa AA Kenya ili uwe na ripoti ya mtu wa tatu. Katika muda wote huo usikose sevisi hata moja, wala usimruhusu fundi wa mtaani afungue kitu chenye muhuri. Yule mzee wa Iringa alinionyesha ufa, hakuugusa. Alipiga picha, akanirudisha kwa wakala.

Mpira ulibadilishwa bure ndani ya dhamana. Wiki iliyofuata nilishuka Morogoro, nikapakia mifuko 16 ile ile, nikafika Kitonga saa nane mchana. Gia ya tatu, mizunguko 2,500, nikakanyaga mpaka mwisho. Lilipanda lote bila taa kuwaka. Nilipofika Ilula nililala chini ya gari na tochi, nikapapasa chini ya kibano kwa kidole. Palikuwa pakavu.